Kwa Kinyozi Hawanyoi

Che-che-che. Kimya. Che-che.

Niliusikia mkasi kabla sijamwona aliyeushika. Ulikuwa ukipanda ngazi za ofisi yetu pale Ngamiani, ukikata hewa tupu, na mie nimeinamia kabati la mafaili nikajisemea, leo wakili kamwita kinyozi asubuhi asubuhi. Mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamke mfupi, mtu mzima, kajitanda kanga, mkono wa kulia mkasi wa chuma cheusi, mkono wa kushoto bahasha iliyofinyangwa kwa hasira.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba. Nimeambiwa hapa ndipo wanapotetewa watu walioibiwa majina."

"Ndipo, bibi. Karibu kiti."

"Sikai. Nikikaa nitalia, na sikuja kulia."

Akakaa. Wakili, aliyekuwa chumba cha ndani, akapiga kelele kama alivyozoea, maana kelele za barabarani zilimkera kuliko deni: "Mlango!"

Mwanamke akageuka akauangalia mlango aliouacha wazi, kisha akaelekeza sauti kule ndani. "Nitaufunga siku nitakayotoka na jina langu."

Huyo ndiye Bi Mgeni, mzaliwa wa Tongoni, mpika mkate wa kumimina wa Makorora. Nitamrudia. Kwanza niwaambie mie ni nani, msije mkadhani nawaletea hadithi ya barazani.

Mie Saumu, karani mstaafu. Nimefanya kazi moja tu maishani: kutunza majina ya biashara za watu. Mtu akija na duka lake, kiwanda chake cha achari, au gari lake moja analoliita kampuni, mie ndiye niliyempokea, nikamwuliza anataka kuitwaje, nikatazama kama kuna mwenzake anayeitwa hivyo, nikampelekea maombi yake kwa Msajili. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania mbele ya wageni: "Mwenzangu analinda maneno. Mie nalinda benki." Naye alikuwa mlinzi wa benki kweli. Tulicheka sote, ila maneno yangu yaliibwa mara nyingi kuliko benki yake.

Aliyenifundisha ni wakili mwenyewe, Bwana Sherali. Babu zake walikuja kutoka Bara Hindi wakauza nguo Tanga hii mpaka Kiswahili chao kikashiba methali kuliko changu. Somo lake la kwanza halikuhusu sheria.

"Saumu, funga macho."

"Nimefunga."

"Nuru. Nura. Ni duka moja au mawili?"

"Naona kama... moja."

"Huoni kitu, umefunga macho. Ndiyo maana umejibu sawa. Jina la biashara, mwanangu, halinunuliwi kwa jicho. Mama anamtuma mtoto: kimbia kalete kitu fulani kwa fulani. Sikio ndilo linalokwenda dukani. Majina yakigongana sikioni, yamegongana, hata ukiyaandika kwa dhahabu na fedha."

Tangu hapo nikawa na desturi ya kulichukua jina la mteja hadi dirishani na kuliita barabarani kwa sauti. Kuna bwana aliyetaka mafuta yake ya nazi yaitwe Shangazi. Nikafungua dirisha nikaita, "Shangazi!" Wanawake watatu wakaitika, mmoja akiwa amekasirika. Nikamgeukia bwana yule: "Jina zuri, ila lina wenyewe wengi."

Nyie vijana leo mnatafuta jina kwenye simu kabla chai haijapoa. Sisi tuliandika barua Dar es Salaam tukangoja. Kuna mteja aliyeomba jina mkewe akiwa mjamzito. Jibu lilipofika, mtoto ndiye aliyekwenda kufungua mlango. Siyalilii mambo hayo. Wepesi ni mzuri. Ila umekuja na ujinga wake mpya, na ndio nataka kuwaonya: mtu anaandikisha jina la biashara, anapata cheti, anakitia kwenye fremu, anadhani amelimiliki jina. Hajalimiliki. Cheti kile kinasema tu kwamba fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Kinachomzuia mwingine asilibandike jina lako kwenye bidhaa yake ni alama ya biashara, nayo huombwa kivyake, kwa bidhaa zake zilizotajwa. Cheti cha jina ni kama kumpa mtoto jina. Alama ni kama kumjengea ua.

Na jina lenyewe mlichague. Kila mtu hukimbilia kusifu. Alikuja muuza machungwa wa Muheza, mtu mcheshi, akitaka alama ya Machungwa Matamu. Nikamweleza kwamba haikubaliki. Utamu ni wa machungwa yote, huwezi kuufungia wewe. Akaenda, akarudi na Machungwa Matamu Sana. Nikamrudisha. Mara ya tatu akaja ameshaandika: Machungwa Matamu Wallahi.

"Bwana," nikamwambia, "hata ukiapa haitasajiliwa."

Mkewe, aliyekuwa amekaa kimya kwenye benchi, akasema, "Yaite Shemeji basi, tuondoke, mtoto ana njaa." Tukajaza Shemeji. Ikapita bila pingamizi, kwa sababu shemeji na chungwa havijuani. Jina lenye nguvu ni lile lisilohusiana na kitu kinachouzwa, mpaka wewe kwa jasho lako uwazoeshe watu kuvihusisha.

Sasa mtaelewa kwa nini moyo uliniruka Bi Mgeni alipoikunjua ile bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya kitisho kutoka kwa wakili mwingine. Mteja wake, Rashidi, amefungua tanuri la kisasa la umeme, mikate inatoka kwenye mifuko iliyochapwa picha ya mkasi, na ameomba alama ya biashara ya mikate kwa jina la Kwa Kinyozi. Kwa hiyo Bi Mgeni anatakiwa aache kulitumia jina hilo kabla ya Ramadhani.

Kabla ya Ramadhani! Mjue mwezi huo kwa Bi Mgeni ndio shamba lake la mwaka. Makorora mtu anaweza kukosa tende akafuturu, lakini sinia lisipokuwa na mkate wa kumimina, mume na mke hawasemeshani mpaka daku. Amwambie nani kwamba yeye si Kwa Kinyozi tena? Wateja wangekwenda kulifuata jina.

"Bibi," nikamwuliza, "mkate na kinyozi wapi na wapi?"

Akanieleza. Alipofiwa na mume alitoka Tongoni na karai lake kichwani. Hakuwa na mahali pa kuuzia. Makorora palikuwa na kinyozi mmoja mzee, mwenye kibaraza kirefu mbele ya nyumba, akamwambia, kaa pale mwisho, nywele hazitafika. Basi huku mzee ananyoa, huku sinia limefunikwa. Mtu akiulizwa mkate huu mtamu umeutoa wapi, hujibu: kwa kinyozi. Yeye hakujipa jina hata siku moja. Angejiitaje? Kwetu mtu kujitangaza mwenyewe ni aibu, wengine ndio wakutaje. Mzee alipofariki, kiti chake kikauzwa, Bi Mgeni akapanga chumba cha mbele akakifanya jiko. Mkasi ule alipewa na yule mzee tangu uhai wake. Aliukatia karatasi za kufungia mikate, na aliuchezesha hewani kuita wateja, che-che-che, kama mzee alivyokuwa akiita wake.

"Na huyu Rashidi ni nani?"

Akashusha pumzi. "Mjukuu wa kinyozi."

Mambo yakawa magumu. Babu ni wake, kinyozi ni babu, kwa hiyo Kwa Kinyozi ni kwake. Bi Mgeni alipoondoka, akiacha mlango wazi kama alivyoahidi, nilimwambia wakili kwamba kijana ana hoja.

"Hoja anayo," Bwana Sherali akasema. "Swali langu ni moja. Watu wakilisikia jina hilo, midomoni wanajaa mate au povu la sabuni?"

Tukafunga ofisi, tukaenda Makorora kuuliza. Hii ndiyo kazi yenyewe, wanangu. Sheria iko kwenye kabati, ila jina linaishi mtaani, na asiyeshuka mtaani halijui. Bwana Sherali alinionya: usitaje mkate, usitaje nywele, uliza tu Kwa Kinyozi ni wapi. Nikamwuliza fundi wa kuchomelea mageti, akanyoosha kidole kwa Bi Mgeni. Nikamwuliza mama wa juisi ya miwa, akasema, "Wahi, saa hizi unaisha." Nikamwuliza binti aliyetumwa, akanionyesha sinia tupu na kukimbia kuelekea kwa Bi Mgeni.

Wakili akataka kujaribu mwenyewe. Ana ndevu nyeupe hadi kifuani. Akamsimamisha kijana wa bodaboda.

"Mwanangu, nipeleke Kwa Kinyozi."

Kijana akazitazama zile ndevu kwa huruma. "Shikamoo, mzee. Samahani nikuulize. Wataka mkate, au wataka kupunguza hizo?"

"Kwani?"

"Kwa Kinyozi hawanyoi, mzee. Utafika pale utapewa kipande cha mkate urudi na ndevu zako."

Bwana Sherali alicheka mpaka akaishika pikipiki ya watu. Jioni ile tuliandaa pingamizi, maana maombi ya alama hutangazwa kwanza na mwenye malalamiko hupewa muda wa kusema, na muda huo ukipita umelala. Sisi hatukulala. Majirani wakatoa viapo kwamba jina hilo kwao ni mkate wa Bi Mgeni.

Lakini pingamizi si ushindi. Kesi ya jina inaweza kuzimaliza Ramadhani kadhaa, na mpika mikate hawezi kungoja kama mawakili. Bwana Sherali akampigia wakili mwenzake, wakakubaliana pande zote zikutane ofisini kwetu. Siku yenyewe wakili wa Rashidi alikuwa na kesi Muheza, Rashidi akaja peke yake, shati limepigwa pasi, mkononi mfuko wa mikate yake. Bi Mgeni alikuwa ameshafika. Mlango, wazi.

"Shikamoo, bibi."

Bi Mgeni alimtazama. "Marahaba. Wanishtaki, halafu waniamkia?"

"Shikamoo haina kesi, bibi."

"Weye si ndiye uliyekuwa ukikaa chini ya kiti cha babu yako ukingoja ukoko wa karai?"

"Ndiye."

"Nilikupa au nilikunyima?"

"Ulinipa."

"Basi leo mie waninyima nini?"

Rashidi akaweka mfuko wake chini. Sikumwona kama mwizi, na nawaambieni, wengi wanaogombania majina si wezi. "Bibi, wallahi sikutaka kukunyima. Nataka babu akumbukwe. Kainyoa Makorora yote, na hapana hata uchochoro uliopewa jina lake. Nikasema, watu wakiita Kwa Kinyozi, angalau wanamtaja yeye."

Bwana Sherali akamsimulia kisa cha bodaboda, na fundi, na mama wa juisi. Hakukisimulia kwa kumkomoa. Rashidi alianza kwa kutabasamu, kisha tabasamu likamtoka taratibu.

"Katika wote mliowauliza," akasema, "hata mmoja hakumtaja babu?"

"Hata mmoja, mwanangu."

Bi Mgeni alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, sasa ugomvi wenyewe haupo, akabaki akipangusa mkasi kwa ncha ya kanga.

"Basi niite Mjukuu wa Kinyozi," Rashidi akajaribu.

Nikafunga macho. "Yanagongana."

"Wembe?"

"Mkate wa Wembe!" Bi Mgeni akaruka. "Nani atafuturu kwa wembe? Wataka kuwachana watu midomo?"

"Kiti cha Kinyozi?"

"Loo! Mkate uliokaliwa!"

Tulicheka wote, Rashidi naye, bila kupenda. Kicheko kilipokwisha, Bi Mgeni alinigeukia.

"Saumu, weye si mtoto wa Makorora?"

"Nimezaliwa pale, ila tulihama nikiwa mdogo."

"Babu yake huyu alikuwa akiitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mzee yule aliwanyoa kaka zangu, alimnyoa baba yangu, na nimeambiwa nywele zangu za utotoni yeye ndiye aliyezinyoa. Mie ambaye kazi yangu ni majina nilikaa pale kama bubu. Si kusahau. Sikupata kulijua. Kwetu jina la mtu mzima halitafunwi ovyo mdomoni; utamwita kwa mwanawe, au kwa kazi yake. Tulimwita Kinyozi kwa adabu, watoto wakafundishwa adabu hiyohiyo, na adabu ile ndiyo iliyomfuta.

"Kombo," akasema Rashidi, chini chini.

"Kombo," Bi Mgeni akasema naye, karibu kwa pamoja. Nadhani hakuwa amelitamka siku nyingi. "Basi mwite, mjukuu wangu. Wataka akumbukwe, mwite jina lake! Hilo la Kinyozi tumelila, limekwisha, limekuwa mkate. Kombo halijaguswa na mtu."

Nikainuka. Sikungoja kuagizwa na wakili. Nikaenda dirishani nikaita kama nilivyoyaita majina maisha yangu yote: "Mkate wa Mzee Kombo!"

Muuza kahawa wa chini akainua uso. "Mzee Kombo ndiye nani, Bi Saumu?"

Nilitaka kujibu, lakini Rashidi alikuwa ameshafika dirishani, kifua kimetoka nje nusu. "Babu yangu! Alikuwa kinyozi Makorora!"

"Alaa! Yule mzee? Kumbe ndiye Kombo!"

Kijana akabaki pale dirishani akitazama chini, na mie nikarudi kwenye kiti, kwa sababu kuna nyuso ambazo karani hapaswi kuzitazama.

Mengine yalikuwa karatasi. Rashidi aliondoa maombi yake akaleta mapya, ndugu zake wakakubali jina la babu litumike. Bi Mgeni akaomba la kwake, na picha ya mkasi ikawa yake. Leo mkiipita barabara ya Horohoro mtaona madereva wa malori wakinunua mifuko ya Mzee Kombo ya kuvukia mpaka, na Ramadhani ikiingia, foleni ya Makorora inapinda kona kama zamani. Lakini sitaki mdhani kwamba kila mgogoro huishia hivi. Wengi huishia kwa watu kutosalimiana misibani. Nawasimulia huu kwa sababu uliisha vizuri, na mtu akistaafu ana ruhusa ya kuchagua.

Ila siku ile ilibaki kitu kimoja. Bi Mgeni aliuweka mkasi mezani, akausogeza mbele ya Rashidi. Mkono wake haukuuachia mara moja.

"Jina ni langu. Chuma hiki ni cha babu yako. Chukua."

Nilitaka kusema, bibi, hiyo ndiyo sauti yako. Bwana Sherali alinikanyaga mguu chini ya meza.

Rashidi akauchukua. Akauinua hewani, akajaribu. Kra. Kraa. Akaukaza zaidi. Kraaa. Kama geti linalohitaji mafuta.

"Mungu wangu," Bi Mgeni akasema. "Babu yako angekufukuza barazani. Ulegeze mkono! Kidole gumba kisifanye kazi, kiongozane tu na wenziwe."

Akajaribu tena. Kra.

Akautazama mkasi, akamtazama bibi, kisha akamrudishia, mpini mbele, kwa mikono miwili. "Chukua, bibi. Kwangu utapata kutu. Kwako unasema."

Bi Mgeni akanyoosha mikono. Akaupokea.

"Ila Ijumaa nikija," Rashidi akaongeza, "ukoko wangu niwekee."

"Ukoko wako upo. Ila siku hizi wauzwa."

Akasimama, akajifunga kanga upya, akamuaga wakili, akaniaga mie. Kizingitini alisita akaugeukia mlango kama mtu aliyekumbuka deni. Bwana Sherali alikuwa ameshajaza kifua apige kelele zake. Hakuzipiga.

Che-che-che, ukaanza ule mkasi. Bi Mgeni akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, akaufunga.